Ghorofa ya Endrit

Benchi letu liko kwenye kona ya barabara ya stesheni hapa Lushnja, mji mdogo kusini mwa Tirana, chini ya dirisha la kibanda cha kahawa cha Dhurata. Limeundwa kwa mbao zilizobaki siku Hysni alipomwaga zege la ghorofa ya mwanawe mkubwa, na ukikaa vibaya saruji iliyogandia inakuchana suruali. Wanaokaa hapo ni wale wale wa kila asubuhi. Hysni mwenyewe tunamwita Nondo, kwa sababu juu ya nyumba yake nondo zimesimama angani miaka na miaka zikisubiri ghorofa nyingine, na kwenye mojawapo kaning'iniza mwanasesere wa dubu kukinga kijicho cha watu. Lavdosh tunamwita Redio: alipiga lipu Ugiriki na tangu arudi hajanyamaza. Vangjel tunamwita Brigadia, maana enzi za shamba la ushirika alisimamia wavuna pamba, na mpaka leo anaamrisha hata njiwa. Mimi ni Kioo, nauza madirisha. Asubuhi hiyo ya Alhamisi Nondo alifika amefura, na hakusalimia mtu.

Nondo: Dhurata, nipe kahawa chungu. Bila sukari kabisa.

Dhurata: Wewe si unakunywaga tamu?

Nondo: Leo ukinitilia sukari nitapasuka. Nipe chungu.

Redio: Kulikoni tena, bwana? Si nilimwona binti yako ameshuka basi la Tirana jana? Ulikuwa unamngoja kama mvua, sasa amekuja umenuna.

Nondo: Amekuja, ndiyo. Amekuja na mwenzake, binti mmoja wa Korça, na futi kamba mbili, na penseli utadhani wanafungua duka. Nikasema haya, mambo yameiva. Nikamwambia mama yake achinje kuku. Nikawasafishia meza kubwa wachoree. Sasa niulize wamefanya nini.

Redio: Wamefanya nini?

Nondo: Wanapima.

Brigadia: Si vizuri? Mchoro bila vipimo utatoka wapi?

Nondo: Wanapima nini, Brigadia? Nimemwambia nataka ghorofa ya Endrit. Ghorofa ya Endrit iko juu, hewani. Hawa wanapima chini! Wamepima mlango. Wamepima dirisha. Jana jioni nimewakuta wanapima jokofu. Jokofu, jamani! Jokofu limetoka kiwandani na vipimo vyake!

Redio alicheka mpaka kahawa ikamwingia puani. Mimi nikageuka kutazama upande wa nyumba ya Nondo, maana pale benchini inaonekana vizuri, mtaa unapokata kuelekea soko la matikiti maji. Kweli mabinti wawili walikuwa wanapita madirishani, mmoja ameshika ncha hii ya futi, mwingine ncha ile. Nikaona kitu kingine pia. Madirisha ya ghorofa ya Klodian, yule mwana mkubwa aliyeko Ujerumani, yalikuwa wazi yote. Niliyauza mimi madirisha yale, na sikumbuki kuyaona wazi.

Msomaji anielewe, Nondo hakuwa na wazimu. Mwanawe wa pili, Endrit, anayefanya kazi Bergamo, anaoa mwezi wa Agosti. Mchumba ni wa Fier, na watu wa Fier watakuja kutazama nyumba kabla ya harusi, kama ilivyo ada. Nondo ameapa mbele ya ukoo kwamba wakija watakuta zege la ghorofa ya Endrit liko juu. Gari la zege limeagizwa Jumamosi. Shida ni fundi Nevruz. Tangu lile tetemeko la ardhi lililoangusha nyumba za watu, Nevruz hamwagi zege la mtu yeyote mpaka aone mchoro wa mtu aliyesoma. Na aliyesoma katika ukoo mzima wa Nondo ni mmoja tu, Brikena, kitinda mimba wake, mwaka wa nne usanifu wa majengo.

Nondo: Mwaka wa nne! Nimeomba kitu kimoja tu. Kuta nne na ngazi. Mtu wa mwaka wa nne udaktari si angekuwa ameshanipasua tumbo na kulishona?

Brigadia: Angekuwa ameshakuzika.

Nondo: Hebu nielezeni, miaka yote hiyo wanasoma nini pale? Mimi nyumba yangu niliijenga kwa kutazama ya jirani.

Mimi: Ndiyo maana dirisha la choo chako linatazama ngazi.

Nondo: Kioo, usinianze. Dirisha uliniuzia wewe.

Mimi: Niliuza dirisha, sikuuza mahali pa kuliweka.

Redio: Ngojeni niwaambie mimi wanasoma nini. Nimefanya kazi na wasanifu Ugiriki, nawajua kama kiganja changu. Mwaka wa kwanza wanakata makaratasi. Mwaka mzima! Maboksi, gundi na kisu. Mtoto wa watu kamaliza shule kwa alama za juu, anafika chuo kikuu, anapewa mkasi kama wa chekechea.

Nondo: Hapo umesema kweli. Mwaka wa kwanza alirudi likizo vidole vyote vina plasta. Mama yake akalia. Akauliza, huko unasoma au unapigana? Akasema, mama, tulikuwa tunatengeneza mfano wa nyumba. Nikamwuliza nyumba ya nani? Akasema ya mtu yeyote. Nikamwambia mtu yeyote hana nyumba, nyumba ina mwenyewe!

Redio: Mwaka wa pili wanasoma kivuli.

Brigadia: Kivuli gani?

Redio: Kivuli, bwana, kivuli hiki. Jua likiwa hapa kivuli kinaenda wapi. Wanakichora, wanakipaka rangi, profesa anakitia alama. Kule Ioannina alikuja msanifu kwenye kazi yetu, akasimama mbele ya ukuta nilioupiga lipu mwenyewe. Kasimama mpaka tukamaliza kula. Halafu akasema, ukuta huu hauna raha. Wallahi nilitaka kumtupia karai.

Nondo: Ndivyo ananifanyia! Juzi kwenye simu nimemwambia, Brikena mwanangu, nichoree ghorofa. Akaniuliza, baba, jua la asubuhi linaingia upande gani? Jua! Nimekaa nyumba hiyo kabla yeye hajazaliwa, sijawahi kuliuliza jua linaingia wapi, linaingia linapotaka.

Mimi: Lakini hesabu si wanasoma? Za kuzuia nyumba isikuangukie?

Nondo: Wanasoma. Hizo ndizo ninazozitaka mimi. Hizo zimepita kama treni. Nguzo, mizigo, nondo ngapi kwenye boriti, yote aliyasoma mwaka wa pili, na alifaulu. Nikafurahi, nikasema sasa ghorofa ya Endrit imepata mtu. Akarudi mwaka wa tatu ananiambia muhula mzima wamesoma ngazi.

Brigadia: Ngazi ya kupandia?

Nondo: Kwani kuna ngazi ya kulia chakula? Ngazi ya kupandia! Muhula mzima! Mguu unapanda kiasi gani, mkono unashika wapi, mzee anapumzika wapi, aliyebeba mtoto anageukaje.

Dhurata alitoa kichwa dirishani, kibirika cha kahawa mkononi.

Dhurata: Afadhali wasome. Mwaka jana nilipanda kwa Redio kumpa mkewe pole, nimeshuka na mimi nahitaji pole.

Redio: Ngazi yangu ina nini?

Dhurata: Iko nje! Ukitaka kwenda kwa mwanao ghorofani unapita kwenye mvua. Halafu kipago cha mwisho ni kirefu kama meza.

Redio: Saruji ilizidi. Ningeitupa?

Tukacheka sote isipokuwa Nondo. Alikuwa amegeuza shingo anaangalia nyumba yake, na kila futi ikivutwa dirishani nilimwona anakunja uso, kama mtu anayepimwa yeye mwenyewe suruali hadharani. Brigadia akaona huo ndio wakati wake. Brigadia hutulia kwanza mpaka wengine waishiwe, halafu anaanza kwa sauti ya mkutanoni.

Brigadia: Nyinyi mnazungumzia makaratasi. Mimi nitawaambia linalofanyika kule. Wale hawafundishwi kujenga. Wanafundishwa kubomoa.

Redio: Ondoka hapa.

Brigadia: Nondo, si wewe uliyetuambia habari za yule profesa?

Nondo: Ni kweli. Wanaitwa mbele mmoja mmoja na kazi zao, wanabandika michoro ukutani. Maprofesa wamekaa mstari. Brikena alikesha na mfano wake wa shule ya vijijini, ameugundisha kila kijiti. Profesa mmoja akanyanyuka, akang'oa paa zima kwa mkono, akalitupa pembeni. Akasema, sasa naona kitu. Binti yangu akanipigia simu analia. Nikataka kupanda basi saa hiyo hiyo nikamng'oe na mimi kitu.

Brigadia: Mnaona? Kubomoa. Wanazoeshwa kidogo kidogo. Leo paa la karatasi, kesho nyumba yangu. Na kuna jambo jingine. Mmewahi kuona michoro yao? Ndani wanaweka vijitu vyeusi visivyo na sura. Kimoja kimesimama, kimoja kinatembea, kimoja kimeshika mkono wa mtoto.

Mimi: Vile ni vya kuonyesha ukubwa wa chumba, Brigadia.

Brigadia: Ndivyo unavyoambiwa. Mimi nimesimamia watu maisha yangu yote, najua hesabu ya vichwa nikiiona. Wanahesabu. Kila mwanafunzi anarudi kwao, anapima nyumba, anaandika nani anakaa wapi, karatasi zinakwenda Tirana. Huko wanakaa na ramani kubwa. Wanasema, Lushnja ina vyumba vingi na watu wachache, basi wahamishwe.

Redio: Nani atahamishiwa Lushnja! Waliopo wenyewe tumeshindwa kuwazuia wasiondoke.

Brigadia: Wewe cheka.

Redio: Sicheki, nakusahihisha. Mimi nasikia kinyume chake. Ulaya hawataki tujenge tena. Kila msanifu mmoja akihitimu, nyumba mia hazijengwi. Anakwenda kwa mtu, anamwuliza maswali mpaka hamu inamwisha. Kwa nini unataka chumba? Kwa nini unataka paa? Mwishowe mtu anasema basi, nitakaa kwenye hema. Ndiyo shahada yenyewe hiyo!

Nondo: Basi wangu amefaulu, kwa sababu hamu imeniisha.

Aliisema kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile nikasikia kwamba hasira yake ina kitu ndani. Redio naye alisikia, akaacha kuchezea kikombe.

Nondo: Nyinyi mnacheka. Mimi nilisimama peke yangu. Mlikuwepo hapa hapa kwenye benchi hili. Nilipowaambia Brikena amechaguliwa usanifu, wewe Brigadia ulisema nini?

Brigadia: Nilisema ualimu unamfaa zaidi binti.

Nondo: Ulisema, msichana na saruji wapi na wapi. Kaka yangu alisema natupa fedha mtoni, ataolewa, mchoro atachora kwa watu. Nikamwambia asome! Nikabeba vitabu vyake mwenyewe mpaka chumba chake cha bweni. Nilipoona amebandika karatasi ukutani, michoro aliyochora kwa mkono, mikono, viti, mti wa uani kwetu, niligeuka nikajifanya natafuta swichi ya taa. Nampenda mtoto yule kuliko macho yangu. Sasa nimemwomba kitu kimoja katika maisha yake. Kimoja! Na ni cha kaka yake.

Mimi: Umemwuliza kwa nini hakichori?

Nondo: Nimemwuliza jana mezani, mbele ya mgeni wake. Hakunikatalia, hapo ndipo anaponichosha. Angenikatalia ningejua pa kushika. Ameniambia, baba, kazi tuliyopewa ni kutafuta nyumba iliyojengwa bila msanifu tuichore kama ilivyo. Siyo kama itakavyokuwa. Nimechagua yetu. Ngoja kwanza nimalize ilivyo, ndipo tuzungumze ya Endrit.

Redio: Kama ilivyo?

Nondo: Kama ilivyo! Kama ilivyo naijua, nalala humo! Huhitaji shahada kujua nyumba ilivyo, unahitaji kuingia tu mlangoni!

Brigadia: Mwambie mama yake aseme naye.

Nondo: Mama yake tangu jana amekuwa upande wao. Anawashikia futi! Leo asubuhi nimemkuta amesimama jikoni, yule wa Korça anamwambia, mama, fanya kama unapika, nione unatembea wapi. Na mke wangu anafanya! Anatembea toka sinki hadi jiko, toka jiko hadi meza, huku wanachora mistari. Wakamwonyesha karatasi, imejaa mistari kama kuku amechakura. Unajua kasema nini?

Redio: Nini?

Nondo: Kasema, kumbe ndiyo maana miguu inaniuma. Kisha kaniangalia mimi! Mimi nimefanya nini? Sinki nililiweka palipokuwa na bomba!

Dhurata alicheka kule ndani peke yake, kicheko kirefu, na hakutoa kichwa. Nondo akageuka kumtafuta kwa macho akakosa. Simu yake ikaita mfukoni. Aliitoa, akaikodolea, akapokea kwa sauti ya ukarimu ambayo hakuwa nayo tangu amefika.

Nondo: Ehe, fundi Nevruz! Salama, salama kabisa. Ndiyo, Jumamosi. Hapana, mchoro haujatoka bado, lakini wako kazini sasa hivi, nawaona hapa. Wawili! Ndiyo, na futi. Mpaka adhuhuri? Sawa. Sawa fundi, adhuhuri nakupa jibu.

Akaiweka simu kwenye benchi kati yetu, uso juu.

Nondo: Adhuhuri. Nisipompa jibu, gari la zege linakwenda kwa mtu wa Divjaka na mimi nitasubiri mpaka Septemba. Watu wa Fier watafika, watatazama juu, watamwona dubu.

Mimi: Mpigie Endrit. Labda anaweza kuwaeleza wakweze.

Nondo: Endrit nimwambie nini? Kwamba dada yake anapima jokofu? Kijana anaoa. Kila mwanamume lazima awe na ghorofa yake nyumbani kwa baba yake. Klodian anayo. Endrit hana. Jambo si limekwisha hapo?

Hata sisi tumejenga vivyo hivyo. Redio ana ghorofa ya mwanawe, Brigadia ana mbili, zote nimeziwekea madirisha na zote wenyewe wako nchi za nje. Ndivyo tunavyofanya huku, na mtu asiyefanya hivyo watu humsema. Nilikuwa nataka kusema neno la kumpoza Nondo, nikamwona yule binti wa Korça anavuka barabara kuja kwetu.

Alikuwa mwembamba, vumbi mpaka kwenye nyusi, penseli moja kaichomeka nywele na nyingine iko mkononi. Alibeba ubao wenye karatasi kubwa iliyobanwa pembe zote. Nondo akasimama haraka, akajifuta mikono kwenye suruali.

Binti: Shikamooni wazee wangu.

Sote: Marahaba, marahaba.

Nondo: Karibu, mwanangu, karibu Sidorela. Huyu ndiye mwenzake Brikena. Dhurata, mletee mtoto juisi! Haya, imekwisha? Mmemaliza?

Sidorela: Tumemaliza kupima, ami. Nakushukuru sana kwa kutuvumilia. Nyumba yako tumeipenda. Sasa hivi tunajaza majina, halafu tunafunga.

Nondo: Majina ya nini?

Sidorela: Ya vyumba. Tunatakiwa tuandike kila chumba ni cha nani. Naomba unisaidie nihakikishe.

Akaushusha ubao juu ya magoti ya Brigadia, aliyeushika kwa mikono miwili bila kuamrishwa. Sote tukainama. Ilikuwa nyumba ya Nondo, nawaapia. Mlango ule, jokofu lile, na choo chenye dirisha la ngazini, limechorwa bila huruma. Redio akapiga mluzi.

Redio: Nondo, wamekutoa mpaka kwenye vigae vilivyopasuka!

Nondo: Inapendeza. Haki ya Mungu, inapendeza.

Sidorela: Chini hapa, hiki ni chumba chako na mama.

Nondo: Ndiyo.

Sidorela: Hiki kikubwa chenye kabati la vyombo, tumekikuta kimefungwa, mama akatupa ufunguo.

Nondo: Cha wageni hicho. Hakifunguliwi ovyo.

Sidorela: Sawa, wageni. Hili jiko. Tukipanda juu: chumba cha Klodian na mkewe, sebule ya Klodian, jiko la Klodian, na hiki kidogo chenye ukuta wa bluu?

Nondo: Cha watoto wa Klodian. Bado hawajakiona, wamezaliwa Stuttgart, lakini chao kipo. Mpaka vitanda vipo, vimefunikwa nailoni.

Sidorela: Tumeviona. Na juu ya hapo ni nondo.

Nondo: Hapo ndipo pa Endrit! Andika Endrit. Andika kwa herufi kubwa.

Sidorela akaandika Endrit, kwa herufi kubwa kama alivyoambiwa, juu ya mahali pasipo kitu. Nondo akatutazama sote, kifua mbele, hasira yote imemtoka.

Sidorela: Basi ami, kimebaki kimoja tu. Chumba cha Brikena ni kipi? Nimezunguka mara mbili sijakiona.

Nondo: Mwulize mwenyewe, si yuko pale?

Sidorela: Nimemwuliza. Ameniambia, kamwulize baba.

Nondo: Brikena analala pale jikoni. Kuna kochi. Linakunjuka, kochi zuri sana, la Kiitaliano. Pana joto pale wakati wa baridi. Tangu mdogo amependa pale.

Sidorela: Kochi nimeshalichora, ami, hili hapa. Liko jikoni. Mimi nauliza chumba.

Brigadia akakohoa kuchukua hatamu.

Brigadia: Mwanangu, wewe ni mtoto wa mjini, ngoja nikufahamishe. Huku kwetu binti anaolewa. Chumba chake kinamsubiri kwa mumewe.

Sidorela: Najua, ami. Hata Korça ni hivyo hivyo. Lakini mimi nachora kama ilivyo.

Brigadia akaangalia ubao uliokuwa magotini mwake, asijue auweke wapi. Nikamtazama Redio. Mtu ambaye ana neno la kila kitu, mpaka la vivuli, alikuwa anachunguza kikombe kitupu. Nilimwonea Nondo huruma, na papo hapo nikamkasirikia, kisha nikatukasirikia sote kwa pamoja, wazee wazima tuliokaa juu ya mbao za zege tukiuliza watoto wanasoma nini.

Nondo: Wewe binti, sikiliza. Nyumba ile yote ni yake! Yote! Kuna mlango gani aliowahi kufungiwa? Mwambie baba yake kasema nyumba yote ni yake.

Alisema kwa nguvu, na alimaanisha, machozi yalikuwa yanamlengalenga. Sidorela aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, akamnyoshea penseli.

Sidorela: Sawa, ami. Basi niandikie wewe mwenyewe jina lake, mahali utakapo.

Simu ya Nondo ikaanza kuita pale benchini, ni fundi Nevruz tena. Nondo alikuwa ameshaishika penseli.

Dhurata: Iache iite. Mjibu kwanza mtoto wa watu.

Akainama juu ya karatasi. Aliipeleka penseli kwenye ghorofa ya Klodian, kwenye kile chumba cha bluu, akasita, akaipandisha kwa Endrit, akaishusha mpaka chumba cha wageni, ikakaa hapo kidogo, ikaondoka. Simu iliita mpaka ikakata. Penseli ilizunguka nyumba nzima, chumba hadi chumba, na kila ilipofika palikuwa na jina la mtu.